Mamajusi wa Mkono wa Kushoto

Kisauni, Jumapili, baada ya adhuhuri

Mwanangu Sidi,

Leo asubuhi mchungaji aliponiomba nikuage mbele ya kanisa, nilisimama, nikafungua kinywa, nisitoe neno. Wewe ukadhani ni maradhi. Ukaja mbio, ukanitia mkono kwapani, ukanikalisha na kuninong'oneza, "Basi, Baba, wamekusikia." Hawakusikia kitu, maana sikusema kitu. Na hayakuwa maradhi. Maradhi yamenichukulia mkono wa kulia na mguu wa kulia, lakini ulimi yameniachia, na leo nilikuwa na neno juu ya ulimi huo. Nilikuwa nimejiapiza kulisema kabla hujaondoka. Kisha nikamwona Mzee Stefano kwenye benchi la mbele, amenikazia macho, na neno likarudi lilikotoka, kama lilivyorudi mara nyingi tangu wewe ulipokuwa mtoto wa kubebwa.

Ndiyo sababu nimekuhimiza uende Chaani leo kumuaga shangazi yako, ingawa ulisema umechoka na sanduku hujalifunga. Nilitaka nyumba iwe tupu. Kesho alfajiri utavuka Likoni upande basi la Tanga ukaanze kusomea uuguzi, na mimi sitarajii kuwapo utakaporudi likizo. Usinibishie. Hata kabla ya kufundishwa na mtu, umesikia ninavyopumua.

Mwandiko huu utauvumilia. Ni wa mkono wa kushoto. Nimeufundisha tangu masika, kidogo kidogo, ulipokuwa huko nje ukifua, na kila herufi inaniumbua. Unajua niliwachapa watoto wangapi shuleni kwa kushika kalamu kwa mkono huu? Mimi sijui, sikuwahesabu. Sasa nimeketi kama wao, ulimi umenitoka pembeni, karatasi imelala upande. Nimeinuka na mkongojo mara kadhaa kutazama njiani kama unarudi, nikaketi tena. Sikuandikii habari za nguo wala chakula wala kuchemsha maji. Hayo watakufundisha huko, na watakufundisha vizuri kuliko mimi.

Unaikumbuka ile picha. Uliikuta ndani ya kasha la mama yako, chini ya leso, siku zile meno yako ya mbele yalipokuwa yameng'oka. Jalada la gazeti la Krismasi, karatasi imeshaanza kuwa rangi ya chai. Mama mwenye leso amepakata mtoto chini ya paa la makuti, na mbele yao mamajusi watatu wanainama na zawadi zao. Ulijua kwamba mtoto yule ni wewe, mama yako alikuwa amekwambia. Ukaniletea barazani, ukaweka kidole juu ya majusi wa kwanza, ukauliza, "Baba, mbona babu huyu anipa kwa mkono mbaya?"

Nikasema, "Fundi alikosea."

Ukacheka, ukakimbia nje kuwaambia wenzako. Na umekuwa ukikisimulia kisa hicho mpaka ukubwani. Krismasi iliyopita uliwasimulia wageni wetu hapa hapa, ukamwigiza fundi huyo, mdomo wazi, patasi imeshikwa kichwa chini, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka pamoja nao. Usiku ule sikupata usingizi, na asubuhi yake ndiyo mkono ulianza kufa ganzi. Sisemi moja lilileta jingine. Nasema tu jinsi yalivyofuatana.

Fundi hakukosea, Sidi.

Miaka ile misheni yetu ilikuwa na gazeti dogo la kila mwezi, na mimi, pamoja na ualimu, nilikuwa msaidizi wa mhariri. Mhariri alikuwa Padre, Mzungu, mtu mwema mwenye haraka. Kila Desemba jalada lilipigwa chapa kwa vibao vya zamani vilivyotoka kwao: nyumba zilizofunikwa na theluji, ndege mnene juu ya ua, mzee mwenye ndevu na joho zito akivutwa na wanyama wenye pembe kama matawi makavu. Watu wetu walilipenda gazeti, lakini jalada la Desemba liliwashinda. Mama yako aliligeuza huku na huku, akaniuliza, "Kwani huko kwao huezeka kwa sufi?"

Nikamweleza kwamba ni maji yaliyoganda kwa baridi.

Akalitazama tena. "Na Bwana Yesu alizaliwa humo? Na mamake hata hakumfunika?"

Neno hilo lilinikaa. Nikamwendea Padre, nikamwomba mwaka huo jalada liwe la kwetu, lichorwe hapa na kuchongwa hapa. Akakataa. Akasema kuchonga vibao vya chapa ni kazi ya watu walioisomea, na wetu hawajafika. Nikarudi. Akakataa tena. Nilirudi mpaka akachoka nami, akasema, "Haya, Mwalimu. Mara hii moja. Likiharibika, tutarudia vibao vyetu, na habari hii tusiisikie tena." Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa nchi. Nakueleza hili ili ujue nilikuwa nimeshika nini mkononi, si ili unihurumie.

Kwa kuchora nilijiamini. Kwa kuchonga nilimtaka mtu mmoja tu, Bwanaheri. Hukumjua, nawe umemwigiza miaka yote. Alikuwa fundi wa milango na vitanda, Mwislamu, nyumba yake ilikuwa njia ya Magogoni, na alasiri akishasali alikuwa akija barazani kwetu kunywa kahawa na kunitania. Alikuwa mrefu, na pua yake ilifanya watoto wamwogope mpaka acheke. Nilipomwambia nataka achonge, tena nataka nimchore yeye awe majusi wa kwanza, aliweka kikombe chini.

"Mimi, Mwalimu? Gazetini mwa kanisa? Wataka nisizikwe?"

"Mamajusi hawakuwa Wakristo," nikamwambia. "Walikuwa wageni wenye heshima zao, wametoka mbali, wamekuja na uvumba."

"Wageni wenye heshima, na uvumba?" Akafikiri. "Basi hao ni jamaa zangu. Mbona hukusema mapema, yakhe?"

Akaja Jumamosi na kanzu yake ya Ijumaa, kilemba, na joho aliloazima kwa shemeji yake. Chetezo alikitoa kwake, na mkewe alikuwa amemfuata mpaka njiani akimgombeza. Ndani ya chetezo alitia makaa ya kweli na ubani wa kweli. Nikamwambia moshi nitauchora tu, hauna haja. Akasema mtu haendi kwa watu na chetezo baridi.

Mama yako aliketi kwenye mkeka amekupakata. Alikuwa na wasiwasi wake. "Lakini Sidi ni mtoto wa kike, Baba Sidi. Ndiye awe Bwana Yesu?"

"Akishafungwa nguo, nani atajua?"

"Mimi najua," akasema Bwanaheri kutoka ndani ya moshi, "na sisemi."

Akainama. Chetezo alikinyoosha kwako kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akaushika chini ya kiwiko, kama mtu anavyompa mkubwa wake. Wewe ukapiga chafya. Mama yako akacheka mpaka leso ikamteleza begani. Nilichora haraka. Sidi, nimeishi maisha marefu, na nikiulizwa ni saa gani ningependa kurudishiwa, ningeitaja hiyo.

Sasa nikueleze kazi ilivyokwenda, maana kosa liko ndani ya kazi. Mchoro hunakiliwa kwenye karatasi nyingine, karatasi hiyo hugandishwa juu ya ubao, na fundi hufuata mistari kwa patasi mpaka isimame. Ubao ukipakwa wino na kukandamizwa, kila kitu hutoka kimegeuka, kulia huwa kushoto. Jambo hilo nililijua. Nalijua kama ninavyolijua jina langu, nimekaa karibu na mitambo ya chapa tangu ujana. Na kwa kuwa nalijua, niliyaandika yale maneno ya juu, KRISMASI NJEMA, kinyume, herufi moja moja, nikitazamia kwenye kioo cha mama yako. Aliponikuta alisema, "Umeanza kujitazama, Mwalimu?" Nilikesha na herufi zile. Nilihofia S itoke imepinda nyuma na Padre aseme, si nilikwambia.

Watu niliwaacha kama nilivyowachora.

Haikunijia. Nilizigeuza herufi, nikawasahau watu. Bwanaheri akachonga alichopewa, mstari kwa mstari, na hakuna mstari hata mmoja alioutoa mahali pake. Mpiga chapa akaniletea karatasi ya kwanza niikague. Nikaishika dirishani. Nikasoma herufi. Zote zilikuwa sawa. Nikatia sahihi yangu chini, nikasema wapige.

Magazeti yaligawiwa Jumapili baada ya ibada. Nilisimama mlangoni nikingoja sifa, na kwa muda kidogo nilizipata. Watu walitambua makuti, walitambua leso. Bibi mmoja alililia. Kisha nikasikia sauti ya Mzee Stefano, ambaye siku hizo hakuwa mzee, alikuwa mzee wa kanisa kwa cheo tu, mwenye kifua cha kuitikia nyimbo bila ngoma.

"Mbona huyu anampa Bwana kwa mkono wa chooni?"

Kila mtu akaliinua gazeti lake. Na wote watatu, Sidi, wote watatu walikuwa wananyoosha zawadi zao kwa mkono wa kushoto, na wa kulia wameuweka chini ya kiwiko. Yusufu nyuma yao ameshika tezo, chombo chake cha useremala, kwa kushoto. Mtu akasema, "Na huyu wa mbele si Bwanaheri?" Mwingine akasema, "Ndiye. Amejichonga mwenyewe." Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Basi alikusudia." Neno hilo dogo ndilo lililotembea. Kabla hatujafika majumbani lilikuwa limeshafika.

Padre hakuelewa. Aliitazama picha, akasema ni nzuri sana. Ilibidi Stefano amwoneshe kwa mikono yake mwenyewe, ampe kikombe kwa kushoto halafu kwa kulia, mpaka uso wake ukawa mwekundu. Ndipo akatuita barazani kwake, wazee wa kanisa na mimi. Akaniuliza, "Mwalimu, imekuwaje?"

Nilijua imekuwaje. Nilikuwa nimeshaona tangu pale mlangoni kanisani. Na katika kitambo cha kumeza mate niliona mengine pia: nyumba zenye theluji zikirudi, Padre akisema si nilikwambia, cheo changu, na ile shule kubwa waliyokuwa wakifikiri kunipa niwe mkuu wake. Nikasema, "Mimi nilichora akitoa kwa mkono wa kulia. Mchoro wa kwanza ninao, naweza kuuleta. Aliyechonga ni Bwanaheri."

Tazama maneno hayo vizuri, Sidi. Hakuna hata moja la uongo. Uongo wangu mkubwa kuliko wote niliouambia maishani umejengwa kwa maneno ya kweli matupu.

Magazeti yakakusanywa. Stefano akayachoma nyuma ya kanisa. Mlango mpya wa kanisa, ambao Bwanaheri alikuwa ameahidiwa kuuchonga, akapewa mtu mwingine. Mbao alizokuwa ameshazipiga randa zikabaki uani kwake zikinyeshewa. Watu wetu wakaacha kwenda kwake kwa vitanda. Na wenzake msikitini nao hawakumwacha. Walimwambia, ulikwenda kuwatumikia sanamu zao, na malipo yako ni kutukanwa. Mtu aliyekuja na makaa ya kweli kwenye chetezo akawa amekufuru huku, na amekufuru kule.

Alikuja hapa siku chache kabla ya Krismasi. Hakuketi. Mimi nilisema karibu kahawa, naye akatazama tu lile buli.

"Nimekwenda kwa mpiga chapa," akasema. "Ameniambia ubao hugeuza. Yeye hajui karatasi iligandishwa vipi. Mimi nawe twajua ni kama ulivyoichora."

Nikaanza kumimina kahawa.

"Sikuja kugombana, Mwalimu. Wallahi sikuja kugombana. Nataka useme tu. Pale pale waliposemea wao, nawe useme."

"Nitasema, Bwanaheri. Acha Krismasi ipite."

"Haya," akasema. "Ipite."

Wewe ulikuwa ukitambaa kwenye mkeka. Alitia mkono mfukoni, akatoa chanuo dogo la mbao alilokuwa amelichonga, akainama mbele yako vile vile alivyoinama siku ile, na kiwiko amekishika. "Bibie," akakwambia, "tazama vizuri. Huu ni wa kulia." Ukalichukua, ukalitia mdomoni. Akaenda zake.

Ndilo chanuo hilo hilo, lile lililovunjika jino. Jana nimekuona ukilitia sandukuni.

Krismasi ikapita. Nikasema acha Pasaka. Padre akaenda kwao likizo, nikasema acha arudi. Bwanaheri akahamia Tanga kwa wajomba zake, nikasema sasa ya nini, mtu mwenyewe hayupo. Na unajua mwaka uliofuata jalada letu lilikuwa nini? Theluji. Yule ndege mnene. Nilichokiokoa kwa kunyamaza ni kiti changu tu. Shule nilipewa, na ndani ya shule hiyo nikawachapa watoto wa mkono wa kushoto kwa bidii ambayo walimu wengine hawakuwa nayo. Mama yako alijua. Hakunisema hata siku moja, mpaka alipofariki. Ila yeye ndiye aliyelificha jalada moja lisichomwe, na kila alipofungua kasha kutoa leso ya kwendea kanisani, alilifungua nikiwa chumbani.

Huko uendako, mwanangu, siku moja utampa mgonjwa dawa isiyo yake. Usitikise kichwa. Utachoka, taa itakuwa hafifu, na utakosea. Na karibu nawe atakuwapo mtu mdogo kuliko wewe, anayepiga deki au anayebeba maji, na macho ya watu yataelekea kwake yenyewe, bila wewe kunyoosha kidole. Nasaha yangu ni moja, nami nimeilipia: sema pale pale, ungali umeduwaa, kabla hujapata sababu ya kunyamaza. Ukilala nayo usiku mmoja tu, sababu zitakuja, na zitakuwa nzuri. Zangu zilikuwa nzuri sana. Nilinyamaza kwa ajili ya watu wetu, kwa ajili ya shule, kwa ajili yako. Zilinitosha kwa miaka yote uliyoishi.

*

Niliacha kalamu. Kulibishwa hodi, nikadhani ni wewe, nikafunika karatasi kwa Biblia kama mwizi. Alikuwa Mzee Stefano, amekuja kunijulia hali baada ya mambo ya asubuhi. Nakuandikia yaliyopita sasa hivi kabla hayajapoa.

Akaketi kwenye kiti chako, fimbo katikati ya magoti. "Mwalimu, leo umetutisha. Nilimwambia mama watoto, yule anakwenda akiwa wima, kama nguzo."

"Bado nipo."

"Naona. Waandika wasia?"

"Barua ya Sidi."

"Basi mwambie akipata mchumba huko Tanga, aje aniulize mimi kwanza. Wewe hukujaliwa macho ya kumtambua mtu."

Alisema kwa utani, kama kawaida yake. Lakini nikaona kwamba nikicheka, nimekwisha. Nikasema, "Stefano, ile picha ya mamajusi."

"Ya yule Mwislamu?"

"Si yeye. Ni mimi. Niligeuza herufi, nikasahau kuwageuza watu. Yeye alichonga nilichompa. Nilijua siku ile ile."

Akaanza kuzungusha fimbo, ikawa inachimba sakafu. "Wewe," akasema.

"Mimi."

"Lakini mimi niliyachoma."

"Najua."

"Niliyachoma huku naimba, Mwalimu."

"Nilikusikia. Uliimba sana."

Nilidhani atacheka. Akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Liko jambo hulijui. Nilikutana naye njia ya Magogoni, amebeba zana zake, siku aliyokuwa akihama. Alinisalimu. Nikamtemea mate. Yakamwangukia hapa." Akagusa kifua chake. "Akayafuta kwa kilemba, akapita. Miaka yote hii nimejisifu kwa mate yale. Nimewaambia wajukuu zangu. Na wewe ukija kwangu, unakula kwangu, unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ungeniacha nife nayo."

Nilidhani niliyemwibia ni mtu mmoja. Kumbe kimya changu kimekuwa kikimla na huyu pia, kwenye benchi la mbele, Jumapili hadi Jumapili.

Alisimama bila kuniaga. Mlangoni akageuka. "Jumapili ijayo utasema. Watu wote wakiwepo. Ukishindwa kusimama, nitakusimamisha mimi. Na nikishakusimamisha, nami nitasema la kwangu."

Ameondoka. Naisikia fimbo yake bado njiani.

*

Jua limeshuka hadi kwenye kizingiti. Unakaribia kurudi, na sijakwambia la mwisho.

Bwanaheri yuko hai. Mfanyabiashara mmoja wa nazi aliniambia mwaka huu: yuko Tanga, mtaa wa Ngamiani, anatengeneza vitanda bado, lakini macho yamepungua, hupapasa mbao kwa vidole. Tangu uliposema hospitali iliyokukubali ni ya Tanga sikupata raha. Kwanza nilifikiri nikutume. Nikafikiri nikupe maneno yangu, uyabebe kama mzigo wa mtu, uyafikishe. Leo asubuhi baada ya kushindwa, nilipanga jambo baya zaidi, nilipanga nikuchomekee barua hii sandukuni chini ya nguo, uikute huko, nami nisiwepo nikutazame usoni. Halafu nikajiuliza ni nani huyu anayetafuta tena mtu wa kumbebea. Ni yule yule wa barazani kwa Padre.

Kwa hiyo sikutumi. Maneno yangu kwa Bwanaheri nitayaandika mwenyewe juma hili, kwa mkono huu huu, na nitaandika pia yale nitakayokuwa nimeyasema kanisani, na Stefano atayatia posta. Kama sitafika Jumapili, Stefano anajua, nawe unajua. Neno hili halitazikwa nami tena.

Lakini ukiwa Tanga na moyo wako ukakupeleka Ngamiani, nenda kama mtoto wa nyumbani. Mwamkie shikamoo, keti alipoketi. Usimwombee baba yako msamaha. Hilo niachie mimi, na yeye ana haki ya kuninyima. Mpe chanuo lako alipapase. Atalijua. Na kile kisa ulichokuwa ukikisimulia kwa kucheka, sasa ni chako kukisimulia vingine, kwa wale wale uliowasimulia. Hilo ndilo ninalokuomba, na naomba, siamrishi.

Nasikia sauti yako kwa jirani. Unawaambia wafunge kuku wao mapema, kesho wasikuamshe. Na wao wanakujibu kwamba kesho wewe ndiwe utakayewaamsha kuku. Unacheka. Unakuja.

Nimelitoa jalada kwenye kasha, liko hapa magotini pamoja na karatasi hizi. Sitangoja kesho, nisije nikalala nikaamka na sababu. Ukivuka kizingiti tu nitakukabidhi, na itakuwa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia sina tena, hata wa kuushika chini ya kiwiko. Uliwahi kuniuliza kwa nini unapewa kwa mkono mbaya, nami nikakujibu uongo. Leo mkono ni wangu. Upokee, mwanangu, kisha uketi usome hapa mbele yangu, nami nitakutazama.

Baba yako